Ng'ombe wa Bibi na Ufa Unaotambaa

Haya niliyasema Kigoma, mbele ya walimu wa jiografia, wanafunzi wao, na wazazi waliojaa viti vya nyuma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na maswali mawili niliyoulizwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na kazi. Wanafunzi, hamjambo?

Hapa mezani kuna vitu ambavyo mwenyekiti amekuwa akivitazama kwa wasiwasi tangu nilipoingia: kipande cha sponji nilichokikata kwenye godoro bovu, chupa ya mawese, msasa wa seremala na kamba. Sikuja kupika, wala kuchonga kitanda. Tutavifikia. Kwa sasa naomba watoto wa mstari wa mbele wasiiguse ile chupa, maana mashati ya shule ni meupe na mawese hayana msamaha.

Niliombwa nizungumze juu ya matetemeko ya ardhi. Nikasema nitazungumza juu ya madogo, yale ambayo hata kuku hashtuki. Mwenyekiti alinyamaza kidogo kwenye simu. Nadhani alitegemea lile la 2005, na kweli, huwezi kusimama Kigoma ukaongea habari hizi bila kulitaja, kwa sababu kila mtu mzima humu ana lake la kusimulia. Langu ni fupi. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Desemba, saa tisa alasiri na dakika kama ishirini. Nilikuwa Mwanga, kwenye benchi la fundi cherehani, nasubiri suruali. Pedeli ya cherehani ikaanza kucheza na mguu wa fundi uko chini. Tulitazamana. Halafu baiskeli zote zilizoegemezwa ukutani zikaanguka kwa pamoja, nasi tukatoka mbio. Suruali niliipata wiki iliyofuata.

Lile lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.8, chini ya ziwa letu, Tanganyika, kama kilomita 150 kusini ya hapa. Upande wa pili, Kalemie, nchini Kongo, nyumba zilianguka na watu walikufa. Mtikisiko ulifika hadi Nairobi.

Jioni ile nilikwenda Ujiji kumjulia hali bibi yangu. Yeye hakuhitaji redio kumweleza kitu. Dunia, alisema, imebebwa kwenye pembe ya ng'ombe. Ng'ombe akichoka upande mmoja anaihamishia pembe ya pili, na sisi huku juu tunatikisika. Wengi wenu mmekua na ng'ombe huyo. Nilicheka, ila kimoyomoyo, kwani bibi yule hakuwa mtu wa kuchekwa usoni. Miaka ilipopita, nikawa nasoma na kufundisha mambo haya, nikajikuta namrudia ng'ombe wake. Angalieni vizuri: yule ng'ombe hachoki kwa mara moja. Anachoka kidogo kidogo, kimya, siku nenda siku rudi, na kinachotufikia sisi ni ile nukta ya kubadilisha pembe. Sasa kama uzito haubadiliki, na pembe ni zilezile, na ng'ombe ni yuleyule, si angekuwa anabadilisha kwa saa? Kila baada ya muda uleule, kwa mshtuko uleule?

Bibi sikumuuliza. Lakini ng'ombe wa namna hiyo wapo, na wanasayansi wamewapata.

Twende Marekani, jimbo la California. Huko kuna ufa mrefu unaoitwa San Andreas, ambapo pande mbili za ardhi zinapishana kama mabehewa mawili yaliyo kwenye reli zilizo sambamba. Sehemu nyingi za ufa huo zimekwama kabisa; zinakaa miaka mia na zaidi bila kusogea, kisha zinachomoka kwa tetemeko kubwa. Ila katikati, kuanzia San Juan Bautista kwenda kusini hadi karibu na kijiji cha Parkfield, ufa haukukwama. Unatambaa. Mahali unapokwenda kasi zaidi unasogea karibu milimita 28 kila mwaka, usiku na mchana, bila sauti.

Kutambaa huko watu waliishi nako kabla ya kukielewa. Kulikuwa na kiwanda cha mvinyo kilichojengwa juu ya ufa bila wenyewe kujua. Katika miaka ya 1950 ndipo ilipobainika kwamba nyufa za sakafu na kuta, ambazo mtu yeyote angemlaumu nazo fundi aliyepunja saruji, zilikuwa zinapanuka kwa sababu nusu moja ya jengo ilikuwa inahama na kuiacha nyenzake. Mji wa Hollister, uliokaa juu ya ufa jirani uitwao Calaveras, nao unaotambaa, kingo za barabara zilizojengwa zimenyooka leo zimekatika na kuachana. Nimeziona kwenye picha tu, lakini nawaambia mtu aliyewahi kupima kiwanja kwa kamba akiziona atakuna kichwa.

Kwa nini hapo panatambaa na kwingine pamekwama? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye aina ya mwamba. Kati ya 2004 na 2007 walichimba kisima kirefu karibu na Parkfield, wakaukata ufa wenyewe kwenye kina cha kilomita mbili na nusu na zaidi, wakatoa vipande vya kilichomo ndani. Walikuta udongo laini, wa jamii ya mfinyanzi, unaoitwa saponaiti. Mama zangu mnaofinyanga mnajua mfinyanzi uliolowa unavyoteleza mikononi. Ufa wa namna hiyo haushiki.

Lakini si kuteleza tu. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo lilipo shina la jambo. Miamba inapokwaruzana ina tabia mbili. Tabia ya kwanza ni ya tope. Mtu aliyekwama kwenye matope ya Malagarasi anajua: ukichomoa mguu taratibu, unatoka, ukiuvuta kwa nguvu, tope linakaza na kiatu kinabaki. Mwamba wa tabia hiyo kila ukiuharakisha unazidi kukataa, kwa hiyo hauwezi kufyatuka. Unatambaa tu. Tabia ya pili ni ya geti lenye kutu. Unasukuma, halitaki, unasukuma, halitaki, likishaanza kwenda tu linalegea, linakuponyoka na kugonga ukuta. Mwamba wa tabia hii ndio unaotoa tetemeko.

Sasa chukueni ufa mpana wenye tabia ya tope, halafu katikati yake wekeni kipande kidogo chenye tabia ya geti. Kipande cha mita kadhaa, au makumi ya mita. Nitakiita kisiki, kwa sababu kinafanya kazi ya kisiki shambani: kila kitu kinakizunguka na kupita, chenyewe kimekaa.

Kijana mmoja aje mbele. Wewe mwenye kofia. Ivue kwanza, wazee wapo.

Meza nimeipaka mawese. Katikati nimegundisha ukanda mwembamba wa msasa, na chini ya sponji nimegundisha kipande kingine, ukubwa wa kizibo cha soda, kikae juu ya ule ukanda. Shika kamba. Vuta polepole, mwendo wa kinyonga. Tazameni. Pembeni sponji inateleza, haina shida. Katikati imeshika. Mnaona inavyojikunja pale? Pembeni imeshatangulia, katikati imebaki nyuma, na mkunjo unazidi. Endelea, usiongeze nguvu... Tap! Imeruka. Sasa iko sawa na wenzake, na mkunjo umekwisha. Usiache kuvuta. Inajikunja tena. Tap!

Hapo mnaweza kujijibu wenyewe yale maswali ambayo watu walihangaika nayo. Kwa nini tetemeko linarudi palepale? Kisiki hakijahama. Kwa nini linarudi na ukubwa uleule? Kisiki ni kilekile, na kikiachia kinaachia chote. Kwa nini linarudi kwa muda unaokaribiana? Anayevuta hajabadili mwendo, na kisiki kina kiwango chake cha kuvumilia; mkunjo ukifika hapo basi.

Sasa jambo ninalotaka mwende nalo nyumbani. Fumbeni macho wote. Kijana, vuta unavyotaka. Sikilizeni. Tap... tap... Na sasa? Tap, tap, tap. Anavuta haraka au polepole? Mmejua wote, na hakuna aliyemwona. Ule mgongano mdogo umewaambia mwendo wa sponji nzima, sponji ambayo yenyewe haikutoa sauti hata moja. Kazi kubwa inafanywa na wanaonyamaza. Kisiki ni mpiga kelele tu, lakini kelele yake inahesabika.

Asante, mwanangu, kaa. Futa mikono kwenye gazeti, siyo kwenye suruali.

Mtauliza watu walijuaje kwamba ni tetemeko lilelile linarudi, na si jipya la jirani. Mwaka 1987, karibu na Parkfield, walishusha vipimo vya matetemeko ndani ya visima, vingine mita 60 kwenda chini na vingine zaidi ya 500, ili kuvikwepesha na kelele za juu: magari, upepo, mifugo. Vipimo vikaachwa vinasikiliza mwaka hata mwaka. Walipokuja kulinganisha michoro, wakakuta mingine ukiulaza mmoja juu ya mwenzake mstari unafunika mstari, kila kilima na kila bonde, kama dole gumba lilelile limegongwa mara mbili. Mchoro wa tetemeko unatengenezwa na mahali lilipotokea pamoja na njia yote ambayo wimbi limepita. Chanzo kikisogea kidogo tu, mchoro unaharibika. Ukiwa umelala usiku unaujua mlango wa jirani gani umefunguliwa, kwa mlio wake. Ni hivyohivyo.

Watafiti Robert Nadeau na Lane Johnson waliyakusanya matetemeko hayo ya kurudia, na mwaka 1998 wakatoa hesabu ambayo bado inawasumbua watu. Wanafunzi wa fizikia, hapa ni penu. Wengine mnaweza kunyoosha miguu. Chukua tetemeko la ukubwa wa 2. Kwa hesabu ya kawaida ya darasani, kisiki chake kina upana wa kama mita 100, nacho kikiruka kinaruka kama milimita 4. Sawa. Lakini pale kisima kilipochimbwa, matetemeko ya ukubwa huo yalikuwa yanarudi karibu kila miaka mitatu, na ufa unatambaa zaidi ya milimita 20 kwa mwaka. Miaka mitatu ni kama sentimita 7. Kisiki kina deni la sentimita 7, kinalipa milimita 4. Zilizobaki amelipa nani?

Nadeau na mwenzake waliona kwamba huenda visiki ni vidogo sana kuliko tunavyodhani, na vigumu kupita kiasi: visiki vya mpingo hasa. Ukikifanya kisiki kuwa kidogo, mruko wake unakuwa mkubwa, na deni linalipika. Shida ni kwamba inabidi ukipe kisiki ugumu ambao wengi hawakuuamini. Mwaka 2009 watafiti wengine, Ting Chen na Nadia Lapusta, wakaonyesha njia nyingine kwa kompyuta: kisiki hakijakwama kabisa. Nacho kinatambaa, kikiliwa kuanzia pembezoni kwenda ndani, kwa hiyo sehemu kubwa ya deni kinalipa kimya kimya, na tetemeko ni ile salio la mwisho. Kompyuta yao ilitoa uwiano uleule wa California: ukubwa ukipanda kwa kipimo kimoja, muda wa kusubiri hauzidi mara tatu na kidogo kama hesabu ya darasani inavyotaka, unazidi kama mara 1.8 tu. Mimi naegemea kwa Lapusta. Sijawahi kuona kisiki ambacho hakiliwi na mchwa pembezoni.

Hapo nilipofika, mzee mmoja wa kiti cha mbele, nahodha mstaafu, aliinua fimbo. Akasema: "Mwalimu, basi haya madogo ni rehema. Yanapunguza punguza, ili kubwa lisije. Si ndivyo?"

Nilimjibu hivi. Mzee wangu, swali hili naulizwa kila ninapokwenda, na natamani jibu lingekuwa ndiyo. Lakini tupige hesabu. Tetemeko likipanda kipimo kimoja, nishati yake inazidi kama mara 32. Kutoka 3.8 mpaka lile letu la 6.8 ni vipimo vitatu: 32 mara 32 mara 32, karibu mara 32,000. Maana yake, kuimaliza nguvu ya lile la 2005 kwa matetemeko ya 3.8, ungehitaji moja kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwemo, kwa karibu miaka 87. Na hilo la 3.8 ni tetemeko ambalo wa karibu nalo wanalisikia vizuri. Ya ukubwa wa 2 hata tusianze kuhesabu.

Kinachopunguza ni kule kutambaa kwenyewe, mahali panapotambaa. Vile vidogo vinakuonyesha tu kwamba kutambaa kupo, na kwa mwendo gani. Moshi unakuonyesha jiko linawaka, mzee wangu, lakini maharage hayaivi kwa moshi. (Alicheka. Akasema mkewe angenipinga.)

Na kwa kuwa ni kipimo, kina matumizi. Juu ya ardhi unaweza kupima kutambaa kwa vifaa, kwa setilaiti, hata kwa ukuta wa kiwanda. Kilomita tano chini huwezi kuingiza rula. Visiki viko huko huko, vimeshafungwa na Mungu, vinatoa taarifa bure. Mwaka 1989 tetemeko la Loma Prieta, la 6.9, lilipopiga kaskazini ya sehemu ile inayotambaa, visiki vya jirani vilianza kurudia haraka haraka, kisha vikapunguza mwendo pole pole kwa miaka. Ufa ulikuwa umeshtuliwa, ukawa unatambaa mbio, halafu ukatulia. Hakuna aliyeuona ukikimbia, vilihesabiwa visiki.

Wajapani wana kisiki maarufu kuliko vyote. Kiko chini ya bahari karibu na mji wa Kamaishi, kaskazini mashariki ya nchi yao. Tangu 1957 kilikuwa kinatoa tetemeko la ukubwa wa kama 4.8, kila baada ya miaka mitano na nusu hivi. Watafiti wakathubutu kusema lingine litakuja kabla ya mwisho wa Novemba 2001. Likaja tarehe 13 Novemba, ukubwa 4.8. Katika fani ambayo kutabiri ni aibu ya kudumu, hiyo ni mara chache mtu kutembea kifua mbele.

Halafu ikaja tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa la 9.0 na ile tsunami. Kisiki cha Kamaishi hakikuvunjika, lakini utaratibu wake wote ulivurugika. Kikaanza kupiga mfululizo, kila baada ya muda mfupi, na cha ajabu zaidi, kikapiga kwa ukubwa uliozidi ule wa kawaida, hadi 5.9. Kupiga haraka tunakuelewa: kamba inavutwa mbio. Lakini kukua? Kisiki hakinenepi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba eneo linalokizunguka, ambalo siku za kawaida linatambaa tu, likivutwa kwa kasi kupita kiasi linaingia nalo kwenye mruko. Yaani kuna mwamba ambao si tope kamili wala si geti kamili; unategemea unavutwaje. Baadaye mwendo ulipopungua, ukubwa nao ukaanza kurudi chini.

Nisije nikawafanya mviamini visiki kupita kiasi, kana kwamba vyote ni saa ya ukutani, turudi Parkfield. Mbali na vile vidogo, kijiji kile kina tetemeko lake la ukubwa wa kama 6. Lilipiga 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Gawanya, unapata wastani wa miaka 22 hivi. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ikakubali utabiri kwamba linalofuata litakuja kabla ya 1993 kwisha, kwa uhakika wa asilimia 95. Vifaa vikajazwa pale, ufa ukawa umezungukwa na waya kama mgonjwa wa hospitali ya rufaa. 1993 ikaja, ikapita. Tetemeko lilipiga tarehe 28 Septemba 2004, likiwa limechelewa zaidi ya miaka kumi.

Kwa nini kidogo kikawa saa na kikubwa kikakosea? Kisiki kidogo kinakaa peke yake, katikati ya tope, hakina jirani wa kukisukuma. Kikubwa kinaishi uani kwenye wapangaji wengi. Huyu akihama, yule anabanwa. Huyu akigomba, yule hasinzii. Hata Waparkfield wenyewe nadhani walishazoea: wana daraja lililopinda kwa ajili ya ufa unaopita chini yake.

Kuna matumizi moja nitayasema haraka kwa sababu yananifurahisha tu. Tetemeko likirudia palepale, ni kama kuwasha taa ileile mara mbili. Mwanga ukitofautiana, basi njia ndiyo iliyobadilika. Mwaka 2005 watafiti walichukua jozi za matetemeko pacha kutoka visiwa vya South Sandwich, kule kusini kabisa mwa Atlantiki, yaliyopishana miaka mingi, wakalinganisha mawimbi yaliyopita kwenye kiini cha dunia na kutokea Alaska. Hayakulingana. Wakasema kiini cha ndani kinazunguka kwa mwendo usiolingana na sisi tulio juu. Ubishi wa hilo haujaisha, lakini fikirieni: vitikiso vya visiwa vya mbali vimewapa watu habari za katikati ya dunia.

Sasa nyumbani. Watani wetu wa Tabora wamekaa juu ya mwamba wa kale, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, umetulia kama mzee aliyemaliza madeni. Sisi tumekaa ukingoni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na shimo hilo halikuchimbwa na maji. Ardhi imekuwa ikivutwa mashariki na magharibi, na katikati ikadidimia. Nyufa zetu si za kupishana kama ile ya California. Upande mmoja unashuka, mwingine unabaki juu. Na mwendo ni mdogo: milimita chache kwa mwaka.

Hiyo "chache" ndiyo naomba walimu mkaifanyie hesabu darasani. Tuchukue tatu. Sisemi kwamba nyufa za hapa zinatambaa kama ule wa Hollister. Huu ni mfano wa hesabu. Kisiki kinachohitaji sentimita 7, kule kwenye milimita 23 kwa mwaka kinapiga baada ya miaka mitatu. Kwenye milimita 3, kinapiga baada ya miaka 23. Ili ukione kikipiga mara tatu tu, na michoro mitatu uilaze mmoja juu ya mwingine, unahitaji kipimo kilichokaa mahali pamoja, bila kuhamishwa, bila kuzimwa kwa kukosa betri, kwa karibu nusu karne. Kijana aliyekifunga atakuwa amestaafu. Wale wa Parkfield mwaka 1987 walikuwa wanalisubiri lile kubwa. Visiki vilikuja kama samaki asiyetegewa, kwa sababu nyavu zilikuwa zimeachwa majini.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliinuka, akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Mwalimu, kisiki kinaweza kufa?"

Swali zuri, na aliyeniuliza ana macho. Kinaweza kunyamaza. Kuna visiki vya California vilivyopiga kwa miaka kisha vikaacha, na vingine vikaanza mahali ambapo hapakuwa na kitu kwenye michoro. Pengine kimesagika, mwamba mgumu ukawa unga na unga ukawa tope. Au jirani aliyepiga vibaya amekibebea mzigo wake wote. Au hakijafa: ufa umepunguza mwendo, na kinasubiri tu muda mrefu kuliko uvumilivu wetu. Ukiwa na sikio moja tu huwezi kutenganisha hayo. Ukiwa na visiki kumi jirani na vyote vimepunguza mwendo pamoja, basi umeshajua ni kamba, siyo kisiki.

Akauliza tena kama anaweza kulijaribu hilo kwenye ile meza, kwa visiki viwili. Nikamwambia nimebakiwa na msasa wa kutosha. Aweke kimoja mbele na kingine nyuma, kwanza mbalimbali, halafu karibu karibu, mmoja avute, mwingine ashike saa, wa tatu aandike muda wa kila tap. Wakiviweka karibu wataona vinaanza kuvurugana, na huko ndiko Parkfield ilikowashinda wakubwa.

Mwenyekiti, nimemaliza. Sponji nawaachia. Mawese nayachukua, ni ya mama watoto.